Neno Moja la Orest Baziuk

Marlene Baziuk anaporudisha gari nyuma kutoka mbele ya duka la ushirika, humwuliza mumewe, "Upande wako uko wazi?" Orest hajibu. Hufungua mlango, hushuka kwenye theluji, huzunguka gari, hutazama barabara kulia na kushoto, kisha hurudi ndani na kufunga mkanda bila kusema lolote. Marlene naye hutazama mwenyewe kwenye vioo ndipo aondoke. Wameishi hivyo miaka mingi, na hapa Dunmarrow, mji wetu mdogo wa mashamba ya ngano, jambo hilo lilikuwa mzaha wetu wa kudumu.

"Amecheza mechi mia tano na kumi na mbili za ligi kuu ya hoki," Walt Osachuk alikuwa akisema kila asubuhi kwenye meza ya kahawa, "na hawezi kumwambia mkewe kama kuna lori."

"Mwacheni mzee Beki," mwingine humjibu. "Vichwa vya mabeki vimegongwa sana. Humo ndani kumebaki makapi ya ngano."

Orest hutabasamu, hukoroga kahawa yake, hunyamaza. Sisi tulimpenda kwa huko kunyamaza. Tulisema ni mtu mnyenyekevu, asiyejisifu kama wengine waliofika mbali. Nimewahi kusema hivyo hadharani, tena kwa karatasi iliyoandikwa. Sasa naandika hii nyingine, kwa sababu ile ya kwanza haikuwa kweli, na mwenyewe ameniomba niiandike bila kumpunguzia.

Alizaliwa mwaka 1955 kwenye shamba la ngano kaskazini mwa mji. Alijifunza kuteleza juu ya bwawa la mifugo lililoganda, kwa viatu vya barafu vya kaka yake vilivyojazwa soksi mbili mbele. Hakuwa na kasi. Alichokuwa nacho ni kutokosea. Mpira wa hoki ya barafu si mpira, ni kisahani kigumu cheusi, na kisahani hicho kilipofika kwenye gongo la Orest kilitoka kwenda mahali salama, kila mara, bila mapambo. Alipofikisha miaka kumi na sita alihamia mji mwingine kuchezea timu ya vijana, akaishi chumba cha juu kwa mjane mmoja aliyempikia uji wa shayiri. Alipofika ishirini akatia saini kulipwa kwa kucheza, katika ligi ya pili, kwenye mji wa viwanda vya karatasi huko mashariki.

Huko alimkuta Garnet Lindqvist, mtoto wa Dunmarrow kama yeye, mwana wa fundi wa matrekta, aliyemzidi mwaka mmoja. Kocha akawaweka pamoja nyuma, Garnet kulia na Orest kushoto, na kwa misimu minne hawakutenganishwa. Walikuwa wakiitana pacha.

Sasa nieleze jambo moja la kazi yao, maana bila hilo hakuna kitakachoeleweka. Timu pinzani inapotaka kuingia eneo lako, mara nyingi hukitupa kisahani kwenye kona na kukikimbilia. Beki lazima afike kwanza. Anakimbia akiangalia ukuta wa mbao, mgongo wake kwa watu wote, na nyuma yake anaweza kuwapo mtu wa kilo mia moja anayekuja kwa mwendo wa gari. Haoni. Macho yake ni pacha wake, na pacha wake ana maneno mawili tu. Akisema "mtu," maana yake unaye mgongoni: kaza shingo, jibandike ukutani, kiondoe haraka. Akisema "muda," maana yake uko peke yako: kichukue, geuka taratibu, tazama uwanja. Beki haulizi mara ya pili. Wala hageuzi shingo kuhakikisha. Kugeuza shingo baada ya kuambiwa ni kumtukana mwenzako, na nimeona mabeki wakikataa kusalimiana wiki nzima kwa ajili hiyo.

Mwezi wa pili mwaka 1979, Jumamosi, mtu wa klabu ya ligi kuu alikuwa ameketi safu ya saba. Wachezaji wote walijua kwamba amekuja kuchukua beki mmoja. Garnet alikuwa bora. Sote hapa nyumbani tulijua hivyo, na Orest alijua kutuzidi, kwa kuwa alisimama kando yake kila siku.

Kipindi cha mwisho kisahani kikatupwa kona ya kulia. Garnet akakifuata. Kutoka katikati ya uwanja akaja Dale Pruden, mshambuliaji kutoka jimbo la Manitoba, mabega kama mlango wa ghala. Orest alikuwa karibu na lango lake. Alimwona Pruden vizuri. Hakukuwa na mtu kati ya Pruden na Garnet.

"Muda," akasema. "Una muda, pacha."

Garnet akalegeza mabega. Akakivuta kisahani, akaanza kugeuka taratibu, kichwa chini. Miaka ile wengi hawakuvaa kofia ngumu. Mlio wenyewe, Orest anasema, haukuwa mkubwa. Ulikuwa kama mtu aliyeangusha kitabu sakafuni katika chumba cha jirani.

Garnet hakufumbua macho kwa siku kumi na moja. Siku ya tisa Orest aliitwa ligi kuu.

Kabla hajaondoka, watu watatu wa ligi walimketisha hotelini na kumwuliza swali moja. "Ulimwonya mwenzako?"

"Nilimwambia ana mtu," Orest akajibu.

Pruden alifungiwa msimu mzima. Aliporudi alizomewa katika kila ukumbi alioingia, akaandikiwa barua za matusi, mkewe akatemewa mate sokoni. Hakupanda tena ngazi yoyote. Baada ya miaka miwili akaacha mchezo na kuendesha lori la nafaka. Hapa Dunmarrow jina lake tuliligeuza tusi. Mtu akimkata mwenzake foleni dukani, huambiwa, "Usiniletee u-Pruden." Watoto wetu walilitumia bila kujua lilitoka wapi, na mimi niliyewafundisha kusoma sikuwakataza.

Orest alicheza ligi kuu miaka tisa. Kila kisahani kilichotupwa kona alikifuata mwenyewe, hata kilipokuwa cha upande wa mwenzake, na pacha wake mpya hakulazimika kugeuza mgongo hata mara moja. Alivunjwa mbavu, mfupa wa mtulinga, na taya mara mbili. Magazeti yalimwita mlinzi wa wenzake, nasi tukayakata na kuyabandika kwenye ukuta wa maktaba.

Kitu ambacho magazeti hayakujua ni kwamba alikuwa amepoteza uwezo wa kusema maneno yale mawili. Kocha alimfokea, wenzake wakadhani ni ukimya wa mtu wa shamba. Lakini alikuwa akiyasikia. Mara ya kwanza ilikuwa asubuhi ya mazoezi, ukumbi mtupu, yeye wa kwanza kuingia kwenye barafu. Sauti ilitoka kona ya kulia, kimo cha mtu aliyeinama. Ilikuwa sauti yake mwenyewe, bila kelele wala vitisho. Ilikuwa na upole wa mtu anayemwambia rafiki avute kiti aketi. Una muda, pacha.

Tangu hapo haikumwacha. Alipostaafu na kurudi kufanya kazi kwenye ghala la nafaka, aliisikia kati ya mapipa. Aliisikia kanisani wakati wa kimya cha sala. Huja daima kutoka kulia, daima chini kidogo ya sikio, na anapogeuka kuna ukuta tu. Marlene anasema amezoea kumwona mumewe akisogea hatua moja kushoto katikati ya mazungumzo, kana kwamba anampisha mtu.

Alifundisha timu yetu ya watoto miaka kumi na miwili. Aliwafundisha kuteleza, kupiga, kuanguka. Somo la sauti, la kuambiana "mtu" na "muda", alimwachia mwalimu msaidizi, na saa hiyo alikuwa akitoka nje kuvuta hewa.

Garnet alirudi Dunmarrow, akaishi kwa dada yake Ingrid. Mkono wa kulia umekunjamana, ulimi ni mzito, ila akili yake ni timamu na bado ana mzaha kama zamani. Jumamosi ile yeye anaikumbuka hadi chakula cha mchana, tambi na kuku, basi. Yaliyobaki ameyapata kwa kusimuliwa. Na alichosimuliwa ni kwamba pacha wake alimwonya naye hakusikia.

Kila Alhamisi saa sita mchana Orest alikwenda kula kwao. Ingrid huwapikia pierogi, vidonge vya unga vya kuchemsha vyenye viazi ndani, na kuwaacha. Na kila baada ya Alhamisi chache, Garnet husema jambo lilelile.

"Nisamehe, pacha. Uliniambia."

"Yamepita, Garnet. Kula."

"Nilikuharibia. Umecheza miaka tisa ukijilaumu bure kwa ajili yangu."

"Kula, zitapoa."

Garnet alikwenda mjini Saskatoon kupimwa masikio. Daktari akasema hayana kasoro. Baada ya miaka michache akaenda kwa mwingine, kisha kwa wa tatu. "Una masikio ya mtoto," yule wa tatu alimwambia, akadhani anampa habari njema. Garnet alilia njia nzima kurudi, kwa sababu kama masikio ni mazima, basi siku ile hakuwa makini, na kosa ni lake. Ingrid alimsimulia Orest hayo jikoni. Orest akasema pole. Akala. Akaenda nyumbani.

Nimejitahidi kuandika sentensi hizo tatu bila hasira, na sikuweza. Mtu anaweza kukosea kwa nusu sekunde akiwa na miaka ishirini na mitatu. Lakini kukaa mezani kwa mtu miaka ishirini na sita ukimwangalia akitubu dhambi yako si jambo la nusu sekunde. Huchaguliwa upya kila Alhamisi.

Msimu wa vuli mwaka 2014 mji uliamua kuupa ukumbi wetu wa barafu jina lake. Nilikuwa katibu wa kamati. Orest alikataa mara mbili, tukamwona mnyenyekevu zaidi. Mara ya tatu akanyamaza, tukaandika kwamba amekubali. Walt Osachuk akapaka rangi bango lenyewe, herufi za kijani. Sherehe ikawekwa Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa kumi na moja, na Garnet mwenyewe akaomba azungumze.

Alhamisi ya wiki hiyo, baada ya kula, Garnet alitoa karatasi mfukoni. Alikuwa ameiandika kwa mkono wa kushoto, siku nne.

"Sikiliza, uniambie kama nimekupamba mno," akasema. "Nisikufanye malaika, watu watacheka."

Akasoma polepole, akirudia maneno yaliyomshinda. "Watu wa Dunmarrow. Mnajua kilichonipata. Nataka mjue kwamba halikuwa kosa la Orest. Aliniita. Alisema mtu. Mimi sikuwa makini. Nilikuwa nikimfikiria yule bwana wa safu ya saba. Tamaa ilinizibia masikio. Nawaomba msamaha, maana mlitarajia wawili na mkapata mmoja na nusu."

Hapo akainua macho. "Hiyo ya mmoja na nusu ni ya kuchekesha. Watacheka?"

Orest alikuwa akiitazama karatasi.

"Basi niitoe?"

"Usisome hiyo," Orest akasema.

"Ingrid ameipenda."

"Garnet. Sikusema mtu."

Garnet akaikunja karatasi kwa mkono wake mzuri, mara moja, mara mbili. "Ulinyamaza?"

"Nilisema muda."

Maji yalikuwa yakichemka kwenye birika, na wote wawili waliyaacha yachemke.

"Hukumwona," Garnet akasema, na ilikuwa kama anamsaidia.

"Nilimwona."

"Ulidhani yuko mbali."

"Nimejiuliza hilo miaka thelathini na mitano. Kuna siku nadhani nilikosea mwendo wake. Kuna siku najua nilikuwa nimemwona yule bwana wa safu ya saba, kama wewe. Sijui, pacha. Najua nilichosema tu."

"Usiniite hivyo."

Orest akaitikia kwa kichwa.

"Nimepimwa masikio mara tatu," Garnet akasema. "Unajua mara tatu? Yule wa mwisho alinionyesha picha ya ndani ya sikio, nikamwambia tafuta tena. Na wewe ulikuwa unakuja hapa kula pierogi za dada yangu." Alisema bila kupandisha sauti, sauti yake haipandi tangu ajali. Kisha akauliza kitu ambacho Orest hakukitarajia. "Pruden anajua?"

"Hapana."

"Mbona umeanzia kwangu? Mimi nilipewa chumba na dada. Yeye alipewa nini?" Akaita, "Ingrid. Tafuta namba ya Dale Pruden. Manitoba. Huyu ana jambo la kumwambia, na atalisema hapa hapa nikimsikia."

Ingrid alikuwa amesimama mlangoni, na uso wake ulionyesha kwamba amesikia yote. Hakumtazama Orest. Alipiga simu mbili, tatu, akamfikia binti wa Pruden, kisha Pruden mwenyewe. Akaibonyeza simu ili wote waliokuwa jikoni wasikie, akaiweka kati ya sahani.

Orest akajitaja. Akasema alichotakiwa kusema, kwa maneno machache.

"Najua," Pruden akasema. Ilikuwa sauti ya mzee mwenye kikohozi. "Nilikuwa hatua mbili kutoka kwake. Nilikusikia ukimwambia ana muda. Niliwaeleza wale wa ligi hotelini. Wakasema ni aibu kumsingizia mtu ambaye rafiki yake anakufa."

"Mbona hukusema tena?"

"Nilisema. Kila mahali. Kisha nikaona hata mke wangu ananitazama vibaya, nikaacha." Akakohoa. "Lakini nisikilize, Baziuk. Mimi pia niliona hajui kama naja. Ningeweza kusimama, sikusimama. Hilo ni langu, nimelibeba. Ila nimelibeba pamoja na lako, na mimi si punda wako."

"Dale," Garnet akasema.

"Ni nani huyo?"

"Ni mimi. Lindqvist."

Ingrid akamwonyesha Orest mlango kwa kidevu, na Orest akachukua koti lake.

Ijumaa asubuhi alikuja kwenye meza ya kahawa, akakataa kukaa, akatuambia sote. Hakuna aliyesogeza kikombe. Walt ndiye aliyezungumza kwanza.

"Beki, hiyo ni habari ya zamani. Bango limeshakauka. Watu wanatoka Yorkton kesho. Nani anauliza mambo ya 1979?"

"Garnet anauliza," Orest akasema.

"Basi mweleze Garnet. Umeshamweleza. Imetosha."

Wenzangu wawili katika kamati waliafiki. Walisema mji umekwisha kuumia mara moja, kuna faida gani kuumizwa tena. Niliwaambia kwamba nitaandika kwenye kumbukumbu za kikao yale aliyoyasema, neno kwa neno, na kwamba anayetaka kusimama Jumamosi chini ya bango lile akijua haya, asimame na asaini. Hakuna aliyesaini. Sherehe ikafutwa. Wapo wasionisalimu hadi leo, na mimi nawasalimu.

Tusi la jina la Pruden limekoma mjini, angalau mbele ya watu wazima. Hilo ni jambo dogo na lilichelewa.

Nilimwuliza Orest majira ya baridi yaleyale kama sauti imekoma. Tulikuwa tunaondoa theluji mbele ya kanisa.

"Hapana," akasema, akaendelea kupiga koleo.

Hakuacha kwenda Alhamisi. Hugonga, Ingrid hufungua kidogo na kusema, "Amesema bado," na Orest hushukuru na kuondoka. Mwezi wa tatu alikuta lori lenye namba za Manitoba limeegeshwa uani kwa Ingrid, waya wa umeme wa kupashia injini joto umechomekwa kwenye nguzo, kumaanisha mwenye lori hana haraka. Hakugonga. Kupitia dirisha la jiko alimwona mzee mpana wa mabega akimkatia Garnet nyama vipande vidogo, na Garnet akimkemea kwa kuvikata vidogo mno, na wote wawili wakicheka. Orest alikuwa amebeba chombo cha majani ya kabichi yaliyojazwa wali, kazi ya Marlene. Alikiweka kwenye ngazi, akakifunika kwa kofia yake kisipoe, akarudi nyumbani kichwa wazi katika baridi ya nyuzi ishirini na nane chini ya sifuri.

Kwetu chombo cha jirani hakirudishwi kitupu. Hata mtu mwenye ugomvi nawe hutia mayai mawili, au kipande cha keki, au angalau chumvi. Baada ya wiki moja Ingrid aliacha chombo mlangoni kwa Baziuk. Kilikuwa kimeoshwa vizuri, kofia imekunjwa ndani yake, na hakikuwa na kitu kingine.

Marlene alitaka kukitupa. Orest alikitoa mikononi mwake, akakikausha ingawa kilikuwa kikavu, akamwomba apike tena kwa ajili ya Alhamisi.